Kusita kwa Seva za Utafutaji na Nafasi ya Mofolojia ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala hii inaeleza namna ya kuchunguza kasoro moja ya mitambo ya kutafutia matini, yaani kusita kwa vipindi. Mtambo uliozimika kabisa hujulisha kasoro yake wenyewe. Ule unaosita mara moja moja hufanana na homa ya vipindi: mgonjwa afikapo kwa daktari, joto limekwisha kushuka. Ndiyo maana lawama huishia kwa mtandao, na fedha za idara hununua mashine zisizohitajika. Inadaiwa hapa kwamba, kwa matini ya Kiswahili, sababu mojawapo ya kusita huko imo katika lugha yenyewe.

2.0 Hesabu ya Kusita

Chukuliwe mfano wa kubuni wa hazina ya matini yenye seva 10, tano zikiwa Mbeya na tano Iringa. Hazina hiyo inatumia programu ya Elasticsearch, iliyotolewa na Shay Banon mwaka 2010 juu ya msingi wa Lucene, iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999. Kila seva hutunza kipande kimoja cha faharasa. Ombi la mtafiti hupelekwa kwa seva zote, na jibu kamili halitoki mpaka seva ya mwisho ijibu. Ikiwa kila seva husita kivyake mara 1 katika maombi 100, basi maombi yapatayo 10 katika kila 100 yatachelewa. Seva zikiwa 100, yatachelewa 63.

Wastani huficha jambo hili. Maombi 90 yakijibiwa kwa milisekunde 50 kila moja, na 10 kwa milisekunde 2,000, wastani ni milisekunde 245, muda ambao hakuna mtafiti hata mmoja aliyeupata. Kwa hiyo kinachopaswa kuchunguzwa ni yale maombi 10.

Umbali nao hushtakiwa bure. Kutoka Iringa hadi Mbeya, kwa kupitia Mafinga na Makambako, ni kilomita zipatazo 330. Katika uzi wa kioo mwanga husafiri kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 3 au 4. Iwapo njia imejaa, au taarifa zinapotea njiani, hilo hupimwa peke yake, bila kuigusa faharasa.

3.0 Hatua za Uchunguzi

Kwanza, saa za seva zote hazina budi kulinganishwa, kwani tukio la Iringa haliwezi kuoanishwa na la Mbeya ikiwa saa zinapishana. Pili, kila seva iandike katika daftari lake maombi yaliyozidi muda uliowekwa, pamoja na maneno yaliyotafutwa. Tatu, madaftari hayo yasomwe kwa pamoja, huku yakitafutwa mambo matatu:

(a) Uzito ukiifuata seva moja tu, ishukiwe diski yake, au kumbukumbu yake iliyojaa. Programu hizi huendeshwa kwa Java, ambayo husimamisha kazi kwa kitambo ili kuondoa vitu visivyotumika tena katika kumbukumbu.

(b) Uzito ukirudi kwa saa zilezile, zishukiwe kazi za ratiba, kama kunakili akiba au kuingiza matini mapya, ambako hulazimisha vipande vidogo vya faharasa kuunganishwa.

(c) Uzito ukizipata seva zote kwa wakati mmoja, lichunguzwe ombi lenyewe.

4.0 Ombi na Mofolojia

Faharasa ya mtambo hupanga maneno kialfabeti, kama kamusi. Mtafiti wa Kiingereza atafutaye maneno yanayoanza na umbo fulani hufungua ukurasa mmoja, kwa mfano. Lakini mtafiti wa kitenzi soma hukutana na anasoma, nilisoma, hatutasoma na wanaposoma. Viambishi vimetangulia mzizi, na maneno hayo yametawanyika katika faharasa nzima. Akiomba kila neno linaloishia na -soma, kila seva hulazimika kupitia orodha yake yote ya maneno. Akitafuta kitenzi la kwa njia hiyo, hupata pia mila, hela na chakula. Ombi moja la namna hii huwachelewesha hata wengine walioomba mambo mepesi.

Kuyaorodhesha maneno kinyumenyume, anasoma likawa amosana, husaidia pale tu mwisho wa neno unapojulikana. Husomeshwa na wamesomeana bado hukwepa. Tiba kamili ni ile ya wanaleksikografia: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) haikuorodhesha anasoma, bali soma. Kazi ya kumwezesha mtambo kufanya vivyo hivyo imekwisha kufanyika. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alieleza mwaka 1992 uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta, akitumia modeli ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi ya mwaka 1983. Maneno yakichanganuliwa kabla ya kuingizwa katika faharasa, mtafiti huomba soma, na seva hufungua mahali pamoja.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kusita kwa vipindi huchunguzwa kwa kufuata maombi yaliyochelewa, wala si kwa wastani. Aidha, pale ambapo madaftari yanaonyesha kuwa uzito unatokana na maombi ya viambishi, kuongeza seva hakutibu kiini cha kasoro, kwani kila seva itaendelea kupekua orodha yake nzima. Idara ya Kiswahili, kwa hiyo, isisubiri fundi peke yake. Kabla ya kuagiza mashine mpya, maombi mazito yasomwe na mtu aijuaye sarufi.