Injini na Baridi (3): Gari Lililochomekwa Ukutani

Wiki hii redio zimetangaza tena baridi kali Amerika ya Kaskazini, na usiku wa Jumapili kijana niliyemfundisha ufundi wa magari zamani akanipigia simu kutoka Fargo, jimbo la North Dakota, mji ambao siku hizi Kiswahili cha Kongo kinasikika hadi madukani.

“Shikamoo, mwalimu. Nimenunua gari kuukuu. Mbele, kwenye shoo, kuna waya unaning'inia, una plagi kama ya pasi. Niukate?”

Nilimwambia asithubutu. Waya ule una historia yake, na kwa kuwa aliniamsha usingizini, ilimbidi aisikilize yote. Nawe msomaji, vumilia.

Mnaofuata makala hizi mnakumbuka tulipoishia: baridi huifanya oili iwe nzito kama uji uliolala, na betri hupungukiwa nguvu saa ileile injini inapodai nguvu zaidi. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, hata betri nzima hubaki na karibu nusu tu ya nguvu zake. Sitarudia.

Madereva wa kwanza hawakuwa na betri ya kulaumu. Walikuwa na handeli na mkono. Rika langu linayakumbuka malori ya Bedford kule Njombe, mwezi wa Julai, sakitu imetanda juu ya majani. Utingo aliamka kabla ya jogoo, akamimina maji ya moto kwenye rejeta, akapiga handeli. Sheria ya kwanza tuliyofundishwa ilikuwa ya kidole gumba: kikae upande mmoja na wenzake, kisiukumbatie mpini. Injini ikirudi nyuma ghafla, aliyekumbatia huvunjika kifundo cha mkono. Nilimwona mmoja ameketi kando ya gurudumu, ameushika mkono wake, kimya, huku dereva akimgombeza kwa kuchelewesha safari. Kwa hiyo nikisikia jina la Charles Kettering, Mmarekani aliyebuni stata ya umeme mwaka 1911, ile ambayo Cadillac waliiweka kwenye magari yao ya mwaka 1912, mimi huvua kofia.

Stata peke yake, hata hivyo, haifui dafu mbele ya baridi ya kweli. Marubani wa Alaska na kaskazini mwa Kanada walikuwa wakiimwaga oili kwenye ndoo jioni, ingali moto, wakalala nayo ndani. Asubuhi wakaipasha jikoni ndipo wairudishe. Injini waliifunika turubai, wakaweka jiko chini yake. Na majira ya baridi ya 1941, karibu na Moscow, askari wa Kijerumani walikoka moto chini ya vifaru vyao, wakati kifaru cha T-34 cha Warusi kilibeba mitungi ya hewa iliyoshindiliwa, ya kuzungushia injini betri inapogoma. Jeshi lililojiona limeendelea kuliko wote likawa linapuliza moto chini ya sampu! Anayekwenda kwa watu bila kuuliza habari za hali ya hewa yao hufikia hapo.

Sasa waya wenyewe. Andrew Freeman aliishi Grand Forks, kilomita 130 hivi kaskazini mwa Fargo, akiwa meneja wa Minnkota, chama cha ushirika cha umeme. Likazie macho neno hilo: ushirika. Kampuni kubwa za umeme ziliwaona wakulima wa nyanda zile hawana faida, nyumba moja hapa, nyingine kule mbali. Mwaka 1935 serikali ya Rais Roosevelt ikaunda wakala wa umeme vijijini, ukatoa mikopo, na wakulima wakajiunga kuvuta nyaya wenyewe. Freeman akatengeneza hita ndogo inayokaa mahali pa boliti moja ya silinda hedi, akapewa hataza mwaka 1949. Jioni unachomeka, asubuhi injini ina uvuguvugu na stata inaizungusha bila kukoroma. Muuza umeme kabuni kitu cha kula umeme usiku! Sina kinyongo, maana wateja wake ndio waliokuwa wenye chama. Vyama vyetu vya kahawa na pamba navyo vilijenga shule na kusomesha watoto, kisha tukaviacha viliwe na wachache, na leo neno ushirika likitajwa watu wanacheka. (Ndiyo, mhariri, narudi kwenye injini.)

Hita za siku hizi nyingi huingizwa kwenye bloku, ndani ya maji, na hutumia wati 400 hadi 1,000. Muda wa saa mbili hadi nne unatosha. Kuiacha usiku kucha ni kuchoma hela. Kule Yakutsk, Siberia, ambako Januari huwa chini ya nyuzi 35 chini ya sifuri, wapo wasiozima injini kabisa, na wapo wanaolivika gari blanketi. Hao siwalaumu. Ninayemlaumu ni yule wa Njombe au Limuru anayewasha gari nusu saa “lipate moto” huku akinywa chai. Injini isiyo na mzigo hupata moto polepole, na petroli isiyoungua huteremkia kwenye oili. Washa, ngoja nusu dakika, ondoka taratibu. Na wewe wa dizeli, ile taa ya manjano yenye umbo la springi si pambo: ingoje izimike yenyewe kwanza ndipo upige stata. Watu wanaongoja harusi ianze saa tatu nzima wanashindwa kungoja sekunde kumi!

Salio la kijana lilikuwa linakwisha alipouliza la pili: awashe gari ndani ya gereji, mlango ukiwa umefungwa? Hapana. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Februari 2021, baridi ilipokata umeme Texas, watu walikufa kwa hewa hiyo majumbani mwao, na magari yaliyowashwa gerejini yalikuwa miongoni mwa visababishi. Mwenye ndugu huko ampigie leo: waya achomeke, na gari aliwashie nje.