Vijana na Maumbile Yao

Wazazi wengi, mtoto akipimwa na uzito wake ukaonekana wa sawa, hushukuru na kuyakomesha maneno hapo. Lakini mizani hupima nyama na mifupa; haisemi kama kijana anauridhia mwili wake au anauchukia.

Iko njia nyepesi ya kulipima jambo hilo, iliyotolewa mwaka 1983 na tabibu Mmarekani, Albert Stunkard, pamoja na wenzake. Kijana huonyeshwa picha 9 za watu, tangu aliyekonda sana hata aliyenenepa sana. Huulizwa: Wewe ni yupi? Kisha: Ungependa kuwa yupi? Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kipimo cha kutoridhika kwake.

Hapa, ewe msomaji, yataka uangalifu. Tuwachukue vijana wawili wa darasa moja hapa Malangali. Mmoja ajiona ni wa 5, atamani kuwa wa 3. Mwenziwe ajiona ni wa 3, atamani kuwa wa 5. Mwenye kujumlisha bila ya kufikiri ataona huyu amezidi 2 na yule amepungukiwa 2, moja lifute jingine, ibaki sifuri; aandike kwamba darasa limeridhika. Kumbe wote wawili hawana raha! Basi wembamba na wanene wahesabiwe mbalimbali, na upande wa tamaa ya kila mmoja utajwe.

Katika mkoa wetu wa Rukwa hili si dogo. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 mkoani humu wamedumaa. Mtoto wa namna hiyo akifika ujana, huenda huzuni yake ni kutaka kukua, wala si kupungua. Dar es Salaam kuna mengine: uchunguzi wa wasichana na wanawake 214, uliotangazwa mwaka 2007, ulikuta kwamba waliozoea zaidi picha na habari za nchi za Magharibi ndio waliozidi kuwa na kasoro katika kula kwao. Na simu sasa zimefika Ufipa pia.

Tena ziko lakabu tunazowapa watoto, "bonge" na "njiti", hata katika vyuo vyetu, tukiziona mzaha. Masahaba walipoicheka miguu myembamba ya Ibn Mas'ud, Mtume (s.a.w.) aliwajulisha kwamba miguu hiyo katika mizani ni mizito kuliko mlima wa Uhud.

Binti anayeacha chakula kila mchana akisema amefunga, mama yake na amwulize kwa upole afunga saumu gani. Ikiwa ni ya kukondesha mwili, apelekwe kituo cha afya, hata kama mizani yasema ni mzima.