ULIZA KITABU KABLA YA KUPANDA GARI



Ndugu msomaji, kutoka hapa Kigombe kwenda mjini Tanga ni safari ya nauli, kwenda na kurudi. Mwaka jana mwanafunzi wetu mmoja alikwenda maktaba kutafuta kitabu, akakuta kimeazimwa. Alirudi Magharibi mikono mitupu, na nauli ile aliitoa mama yake. Basi tujifunze kuuliza kitabu kabla ya kutoka nyumbani.

NAMBA YA KITABU
Vitabu vingi vya madukani vina namba iitwayo ISBN, nyuma ya jalada. Zamani ilikuwa na tarakimu 10; tangu Januari 2007 zimekuwa 13. Vingi vya Tanzania utavitambua kwa 9976 au 9987 ndani ya namba hiyo.

ALAMISHO
Kivinjari cha kompyuta au simu huweza kuhifadhi anwani ya ukurasa ili usiiandike tena. Hiyo ndiyo alamisho. Mwaka 2002 Mmarekani Jon Udell alionyesha kwamba alamisho inaweza kufanya zaidi. Badala ya anwani, aliweka ndani yake maagizo mafupi ya kompyuta. Mtu akiwa anatazama kitabu kwenye duka la intaneti, akiibonyeza, maagizo huchukua ISBN ya kitabu kile na kuitafuta katika katalogi ya maktaba ya mji wake.

Wewe huna haja ya kujua maagizo hayo. Fanya hivi:
1. Fungua katalogi ya maktaba unayoitaka, au WorldCat, ambayo hukusanya katalogi za maktaba nyingi duniani.
2. Hifadhi ukurasa wa kutafutia kuwa alamisho.
3. Siku ukihitaji kitabu, bonyeza alamisho na uandike ISBN.

TAHADHARI
WorldCat hukuonyesha maktaba yenye kitabu, lakini si lazima ikwambie kama kimeazimwa. Tena maktaba isiyoweka katalogi yake kwenye intaneti haitaonekana. Usidhani haina kitabu. Mpigie simu mkutubi, umtajie jina la kitabu, mwandishi na namba.

Vitabu vya zamani havina ISBN. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, Qurani Takatifu, ilitoka mwaka 1969, na namba hizi zilikubaliwa kimataifa mwaka 1970. Kitabu kama hicho kitafute kwa jina la mwandishi, ukijaribu Farsy, Farsi na Al-Farsy, kwani kila mkutubi huandika kwa namna yake.

Wazazi, mtoto akiomba nauli ya maktaba, mwulizeni kwanza: "Umeuliza kama kipo?" Nawe mwanafunzi, ukishakiazima kirudishe kwa wakati. Kitabu cha maktaba ni amana, na huenda mwenzako amekwisha kutafuta nauli ya kukifuata.

Wabillahi tawfiq.