UDONGO NA MKULIMA MDOGO (3): Wamatengo hawachomi nyasi

Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge mjini Dodoma kwamba mvua za El Nino zimeua watu 155 na kujeruhi 236. Katika sababu alizozitaja zilikuwamo ukataji miti ovyo na kilimo cha kufyeka na kuchoma. Sina ugomvi na maelezo hayo. Nina ugomvi na wale waliodakia, redioni na vijiweni, kwamba mkulima wa mlimani hajui kitu na afundishwe upya. Hao nawapeleka Mbinga, mkoani Ruvuma, kwa Wamatengo.

Mmomonyoko tulishaueleza katika sehemu mbili zilizopita, sitaurudia. Leo ni zamu ya ngoro, mashimo ya Wamatengo ya kuhifadhi udongo, na walionisoma muda mrefu wanajua nimeisubiri kwa hamu.

Mwezi Machi, masika yakielekea ukingoni, mwanamume wa Kimatengo hufyeka nyasi za shamba lililopumzika na kuziacha zikauke. Hazichomi. Zikishakauka huzipanga kwa mistari inayokatizana, mpaka mteremko mzima unagawanyika katika miraba, kila mmoja wa hatua mbili hivi. Hapo jembe huingia mikononi mwa mwanamke. Huchota udongo katikati ya mraba na kuzifunika nyasi pande zote nne, husia maharage juu yake, kisha huyafukia kwa udongo mwingine wa shimo lilelile. Ukitazama kutoka kilima cha pili, shamba lote ni kama sega la nyuki.

Maharage yakishavunwa, mahindi hupandwa juu ya matuta hayohayo mvua zinapoanza, mwishoni mwa mwaka. Magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni yaoze. Mvua ikishuka kwa nguvu, maji hayapati mbio: kila shimo hushika yake, na tope linalotoka kwenye tuta huishia humo badala ya kwenda mtoni. Mzunguko ukirudi, mashimo mapya huchimbwa pale matuta yalipokutana, na ile mboji iliyolala chini huibuka juu. Kwa hiyo udongo wa shamba zima hugeuzwa kidogokidogo, bila trekta, kwenye miteremko ambayo trekta lingebingirika.

Wanahistoria wengi huihusisha ngoro na vita vya Wangoni katika karne ya 19. Wamatengo walisukumwa milimani, wakabanana, na kuhamahama kutafuta ardhi mpya kukawa hakuwezekani tena. Ikabidi mteremko uleule ulishe watoto na wajukuu. Mwaka 1938 A. H. Pike alikwishaandika juu ya hifadhi hiyo ya udongo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Serikali ya kikoloni, basi, ilikuwa na habari.

Na habari hiyo iliifanyia nini? Miaka ya 1950 iliwaamuru Waluguru wa Morogoro, kwa faini na kifungo, wachimbe matuta ya ngazi milimani kwao. Udongo wa Uluguru wenye rutuba ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia na kupanda kwenye udongo mkavu wa chini usio na kitu. Wakulima walisema hivyo, hawakusikilizwa. Julai 1955, huko Matombo, umati uliwakabili maofisa, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango wenyewe ukafa. Hakuna aliyepaswa kufa kwa kubishania tuta! Lakini ukimwendea mkulima na amri kabla ya swali, hata ushauri mzuri hugeuka adhabu, na sioni kama sote tumeiacha tabia hiyo. Bado wapo mabwana shamba wanaoshuka kwenye gari na majibu mkononi.

Ngoro nayo ina gharama zake, na anayezilipa zaidi ni mwanamke. Kuchimba ni kazi ya kuvunja mgongo, tena jua likiwa kali na maharage hayangoji. Vijana wanaofungua mashamba mapya nje ya vilima vya zamani mara nyingi huiacha, wakapiga matuta ya kawaida na kutegemea mbolea ya dukani. Siwalaumu wote. Nawalaumu wanaume wanaoisifu ngoro mbele ya wageni ilhali jembe hawalishiki. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto walikwishaichunguza kwa miaka. Kilichobaki ni kuigawa kazi upya ndani ya nyumba, na hilo halihitaji mtaalamu wa kigeni.

Kwa wakulima wa Rufiji, ambako maji ya mvua hizo za 2024 yalifunika mpunga, nimebakiwa na nafasi ndogo. Ngoro haiwafai, kule ni bonde. Ila nao wana elimu yao: maji yakipungua hulima mlau, yaani mahindi na mboga kwenye tope lenye unyevu, bila kungoja mvua. Mlau una majira yake mafupi. Mbegu zikifika wilayani baada ya tope kukauka, hata zikiwa za bure, hazitaota. Halmashauri zinunue mapema, wakati mizunguko ya vikao haijaanza, na ziwaulize wenyeji mbegu ipi kabla ya kusaini hati ya manunuzi.

Sehemu ya nne: kisiwa cha Ukara na samadi yake.