Uchafu Unaolala Nyuma ya Hodhi

Nchini Japani mtu haingii kwenye hodhi la kuogea akiwa na jasho la mchana. Kwanza hukaa juu ya kigoda, akajisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka povu lote liishe, ndipo ajizamishe kwenye maji ya moto yanayomfika mabegani. Maji hayo, kama lita 200 hivi zenye nyuzijoto 40 au zaidi kidogo, hayamwagwi yeye akitoka. Hufuata wa pili, kisha wa tatu, hadi nyumba nzima imalize. Katika nyumba nyingi yanayobaki huvutwa kwa mpira hadi kwenye mashine, yakafulia nguo. Ni utaratibu wa watu wanaojua kutunza maji, na unastahili kusifiwa.

Ila maji hupoa, na si wote wanaorudi nyumbani saa moja. Hapo ndipo inapotumika oidaki, yaani kuyapasha tena maji yale yale. Hita huyavuta kutoka hodhini, huyapitisha kwenye bomba hadi penye moto, kisha huyarudisha. Kila mzunguko hubeba mafuta ya ngozi, nywele, sabuni iliyosalia na chumvi za kuogea. Hodhi lenyewe husuguliwa mara kwa mara kwa sababu linaonekana. Bomba halionekani, basi husahaulika miaka na miaka.

Humo ndani hujengeka ukoga, utando wa utelezi ambao bakteria hujitengenezea na kujikinga ndani yake. Maji ya kupita tu hayaung'oi. Mwenye nyumba huja kugundua jioni moja anapobonyeza kitufe cha kupasha: kwenye tundu la hodhi vinachomoza vipande vyembamba vya kahawia au vyeusi, laini kama mwani, vikizunguka juu ya maji aliyotoka kuyafungulia yakiwa maangavu. Pengine kuna harufu ya uvundo. Hali huwa mbaya zaidi katika nyumba iliyofungwa muda mrefu, maana maji yaliyolala bombani huendelea kuulisha utando huo. Na nyumba za namna hiyo si chache: hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilikuta nyumba tupu zipatazo milioni 9 nchini humo, na wanunuzi wanaozifufua huletewa habari za bomba hilo na maji ya kwanza wanayoyapasha.

Je, ni suala la kinyaa tu? La hasha. Bakteria wa legionela hustawi kwenye maji ya uvuguvugu, hasa karibu na nyuzijoto 36, na ukoga huwapa makazi. Mtu hawapati kwa kugusa maji, bali kwa kuvuta pumzi yenye vitone vidogo mno vya maji hayo, na wazee ndio wanaoumia zaidi kwa homa ya mapafu. Mwaka 2002, katika mji wa Hyuga, mkoa wa Miyazaki, bafu la umma lililokuwa limefunguliwa muda mfupi tu lilizungusha maji bila kusafishwa ipasavyo. Watu 295 waliugua au kushukiwa kuugua, na 7 wakafariki. Hodhi la nyumbani linalobadilishiwa maji kila siku halifikii hatari hiyo, lakini kuyaweka maji yale yale siku tatu au nne huku yakipashwa kila usiku ni kuialika.

Kabla ya kununua dawa yoyote, zihesabiwe tundu za hodhi, kwani ndizo zinazoamua njia ya kusafisha.

Nyumba za zamani, hasa maghorofa yaliyojengwa kuanzia miaka ya 1960, mara nyingi zina hita ya gesi iliyokaa ndani ya bafu, ubavuni mwa hodhi, na tundu mbili. Haina pampu. Maji ya baridi huingia kwa tundu la chini, yakishapata moto huwa mepesi, hupanda na kutokea tundu la juu. Kwa kuwa mwendo wake ni wa polepole, uchafu hutuama kwa urahisi. Hapa moto huzimwa kabisa na hodhi hutolewa maji. Tundu la chini huzibwa kwa kitambaa kilichosokotwa, kisha dawa iliyokorogwa kwenye maji ya moto humiminwa tundu la juu na kuachwa kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kitambaa kikitolewa, hushuka maji ya rangi ya chai. Kinachobaki ni mpira wa maji: unasukumwa tundu la juu, kisha la chini, kwa zamu, na kazi haijaisha mpaka yanayotoka yawe meupe. Hita hii isiwashwe kamwe kabla maji hayajapita juu ya tundu la juu, maana itaungua.

Yenye tundu moja ina pampu, na kazi yake ni nyepesi. Kifuniko chenye chujio huchomolewa na kupigwa mswaki, jambo ambalo lingefaa kufanywa kila wiki. Maji huachwa yazidi tundu kwa sentimita 5 au zaidi, dawa hutiwa, kisha hita huwashwa ili iyazungushe. Baadaye hodhi humwagwa, hujazwa maji safi mpaka kiwango kile kile, na oidaki huwashwa tena kwa ajili ya kusuuza. Wengi huiruka hatua hii ya mwisho, na kesho yake mabaki yanaibukia mbele ya mtu anayeoga.

Dawa inayopendwa ni unga wa sodiamu pakaboneti. Ukiingia kwenye maji ya nyuzijoto 40 hadi 60 hugawanyika kuwa magadi, yanayokata mafuta, na haidrojeni peroksaidi, inayotoa mapovu ya oksijeni na kuubandua ukoga. Maji baridi huufanya uzembee. Usifungiwe kwenye chupa ukiwa umelowa, kwani gesi yake huweza kuipasua. Dawa za klorini, zile wengi wanazoziita jiki, zisikutanishwe hata kidogo na siki wala dawa yoyote ya asidi: gesi inayotokea huua. Chumvi za kuogea zenye salfa nazo hula shaba iliyomo ndani ya hita.

Mpangaji amwulize mwenye nyumba kwanza. Na kama baada ya mizunguko miwili mitatu vipande bado vinatoka, aitwe fundi, ambaye hufunga mashine yake kwenye tundu na kusukuma maji yenye viputo vidogo. Malipo huwa yeni elfu kumi na kitu au zaidi. Hita ya tundu mbili iliyochoka kabisa huweza kubadilishwa kwa ile inayopachikwa kwenye uwazi ule ule wa ukutani iliopumulia ya zamani. Nafasi iliyoachwa ubavuni hupewa hodhi refu zaidi, ambalo mtu mzima anaweza kunyoosha miguu. Na baadhi ya hita za kisasa, kizibo kikichomolewa tu, husukuma zenyewe maji safi bombani kabla yaliyotumika hayajalala humo.