Fahamu: Lee Se-young, kutoka jikoni kwa mfalme hadi wodini

Waliotazama tamthilia ya Kikorea ya Dae Jang Geum ya mwaka 2003 walimwona mwigizaji Lee Se-young akiwa binti mdogo wa jikoni kwenye kasri la mfalme. Mwaka 2019, katika tamthilia ya Doctor John ya kituo cha SBS, alivaa koti jeupe: ni Kang Shi-young, daktari anayesomea ubingwa wa nusukaputi na tiba ya maumivu. Mwalimu wake, Cha Yo-han (Ji Sung), aliwahi kufungwa jela kwa kumharakishia kifo mgonjwa aliyeteseka. Yo-han mwenyewe hasikii maumivu, hata akiungua. Mapenzi ya Shi-young na Yo-han, kusema kweli, yamepoa. Moto wa tamthilia uko kwenye sheria: tangu Februari 2018 Korea Kusini inamruhusu mgonjwa anayekaribia kufa kukataa mashine ya kupumulia, ila daktari akimdunga sindano ya kummaliza ametenda jinai.