Ijue kompyuta ya Subaru yako kabla ya kuigusa

Ukisimama kando ya barabara ya Lang'ata au ya Thika Jumapili asubuhi, msomaji, huna haja ya kugeuka ili ujue kwamba Subaru Impreza ya zamani inapita. Utaisikia. Mabomba yake ya moshi hayana urefu sawa, na ndiyo sababu inanguruma kwa kukatikakatika kama mtu anayesafisha koo. Vijana wa mitaa yetu wanaujua mlio huo kuliko wanavyojua kengele ya shule. Si ajabu. Marehemu Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka wa 1997, naye marehemu Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka wa 2000. Mapenzi hayo hayajapoa.

Huenda kijana wa namna hiyo yumo nyumbani mwako. Huenda ni wewe mwenyewe. Amejinunulia Impreza WRX ya mwaka wa 1996, ameipaka rangi, ametia viti vipya, na sasa ameanza kuzungumzia "kuongeza nguvu" kwa kubadilisha kompyuta ya injini. Kabla hajatoa hata shilingi moja, someni haya pamoja.

Chini ya zulia, pale abiria wa mbele anapoweka miguu, pana bamba la chuma. Nyuma ya bamba hilo ndipo kilipo kisanduku chenyewe, na ukubwa wake haushindi wa kitabu. Kila mara injini inapozunguka, kisanduku hiki huuliza sensa zake maswali: hewa iliyoingia ni kiasi gani? Maji yana joto gani? Dereva amekanyaga kwa kiasi gani? Kisha hutazama jedwali lililoandikwa ndani yake, ambalo mafundi huliita ramani, na kuamua petroli imwagwe kiasi gani na cheche itolewe lini. Ni kama mpishi wa ugali ajuaye maji haya yanataka unga kiasi gani. Akikosea kipimo, sufuria haidanganyi.

Sasa, ramani ile haikuandikwa kwa ajili ya Nairobi. Impreza nyingi za aina hii zilitengenezewa soko la Japani, na zilipangwa kutumia petroli ya huko yenye oktani karibu 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Wengi hudhani oktani ni nguvu. La hasha. Oktani ni uwezo wa petroli kustahimili joto na kubanwa bila kujilipukia yenyewe. Turbo inaposhindilia hewa ndani ya injini, petroli isiyostahimili hujilipukia pembeni na kuipiga pistoni kama nyundo. Mafundi husema injini "inagonga".

Wajapani waliipa injini hiyo sikio, yaani sensa ya kusikiliza mgongo huo. Ikisikia, kompyuta huchelewesha cheche na hatari hupungua. Ndiyo maana Impreza nyingi zimeishi hapa miaka na mikaka bila matata makubwa, ingawa hazitoi nguvu zake zote. Lakini sikio hilo lina kikomo chake, na katika magari haya ya zamani sensa yenyewe ina sifa mbaya ya kupasuka.

Nimewahi kutiwa mkononi pistoni iliyotolewa katika injini ya namna hii, katika gereji moja karibu na barabara ya Kirinyaga. Ukingo ulio kati ya pete zake ulikuwa umemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha. Mwenye gari alikuwa mwanafunzi wa chuo, na mamake ndiye aliyechukua mkopo kwenye chama kumnunulia. Kijana aliuziwa kompyuta iliyotoka katika Impreza nyingine, STi "yenye nguvu zaidi". Plagi za nyaya ziliingia bila shida, gari likawaka, likakimbia vizuri wiki mbili. Mkopo ulikuwa haujafika nusu.

Kosa lilikuwa wapi? Kompyuta huandikiwa injini yake: turbo ile, nozeli zile za petroli, sensa ile ya hewa. Ikitoka kwenye gari lenye nozeli kubwa na kufungwa kwenye lenye nozeli ndogo, itazifungua kwa muda mfupi ikidhani petroli imetosha, kumbe haijatosha. Injini yenye turbo ikikosa petroli inapobeba mzigo, joto hupanda na pistoni ndizo zinazolipa. Kuingia kwa plagi si ushahidi wa chochote.

Kwa hivyo anza kwa kujua ulicho nacho. Fungua boneti utafute kibati cha utambulisho. Impreza za turbo za kizazi cha kwanza, zilizotengenezwa kati ya 1992 na 2000, huandikwa GC8 zikiwa saluni na GF8 zikiwa za buti ndefu. Herufi inayofuata, kuanzia A hadi G, ndiyo inayotaja toleo: C ni ya miaka ya 1994 hadi 1996, D ni ya 1996 na 1997, G ndiyo ya mwisho. Kisha soma karatasi iliyobandikwa kwenye kompyuta. Tafuta namba inayoanza na 22611, uilinganishe na ile inayostahili toleo lako, ukikumbuka kwamba gari la gia za mkono na la gia za kujibadilisha hayatumii kompyuta moja.

Usidharau kazi hiyo. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyopita umri wa miaka minane, kwa hivyo Impreza hizi ziko hapa tangu zamani na zimepita mikono mingi. Kompyuta iliyomo huenda si ile iliyotoka nayo kiwandani. Ukiona misumari ya skrubu imekwaruzwa, au ndani mna kibao kidogo kilichochomelewa, jua kuna aliyekutangulia.

Baada ya hapo isikilize. Chini ya dashibodi kuna plagi mbili nyeusi zilizoachwa wazi. Ziunganishe, washa swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini itaanza kukonyeza. Mkonyezo mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Ukipata 22, sensa ya mgongo ni mbovu. 23 ni sensa ya hewa. Ukikuta namba hizo, yasahau kwanza mambo ya kuongeza nguvu. (Zile plagi za kijani ni za fundi, ziache.) Na tafadhali, wakataze vijana wa kuosha magari kumwaga maji sakafuni kwa mpira. Umeshajua kilichoko chini ya zulia.

Ikiwa gari ni zima, njia za kuboresha zipo. Katika matoleo ya zamani ramani imo ndani ya chipu, hivyo fundi hulazimika kufungua kisanduku na kuweka kibao chenye chipu inayoweza kuandikwa upya. Au kompyuta nzima hubadilishwa kwa nyingine kama ile ya Link kutoka New Zealand, ambayo huchomekwa pale pale penye ya zamani, almuradi ununue ya toleo lako kwa maana plagi zilibadilika. Impreza nyingi za kizazi kilichoanza mwaka wa 2000 huandikwa upya kwa kompyuta ya mkononi kupitia soketi ya uchunguzi, bila kufungua chochote. Vile vidubwasha vinavyoidanganya kompyuta kwamba hewa ni baridi, wapitie mbali wanaoviuza.

Vijana huomba kwanza kizuizi cha kilomita 180 kwa saa kiondolewe. Sheria yetu hairuhusu kupita 110, kwa hivyo sijui watakwenda nacho wapi. Mimi naona uboreshaji unaofaa hapa ni ule usio na kelele: cheche irudishwe nyuma kidogo, presha ya turbo ipunguzwe, petroli iongezwe pale injini inapobeba mzigo. Mwulize fundi kama ana kipimo cha kusoma mchanganyiko wa hewa na petroli moshi unapotoka. Kama hana, anakisia. Na mkumbushe kwamba ramani iliyopangwa Nairobi, kwenye hewa nyepesi ya mlimani, itakwenda pia Mombasa, ambako hewa ni nzito na joto ni jingi.

Nilipita gereji ile tena miezi kadhaa baadaye. Impreza ya yule mwanafunzi ilikuwa inatoka langoni, ina injini nyingine na kompyuta ya toleo lake. Mamake alikuwa kwenye kiti cha abiria, miguu juu ya zulia, mkoba mapajani, akimwambia aendeshe polepole.